Ufa kwenye bakuli la kukereza: kuuziba au kuuacha wazi?

Gogo la kuokota halikosi kasoro: ufa, fundo lililolegea, njia za wadudu. Ukishalifunga kwenye mashine ya kukereza, inayolizungusha huku patasi ikilichonga, lazima uamue.

Kuziba kwa epoksi, gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa na kuganda ngumu, kunaleta utulivu. Patasi haidundi kila inapovuka pengo, msasa haunasi. Bandika utepe upande wa nyuma, changanya epoksi na vumbi la mti wenyewe, mimina kidogo kidogo viputo vitoke, kisha subiri, mara nyingi saa 24 au zaidi. Ubaya wake ni kwamba mti mbichi huendelea kusinyaa ilhali epoksi haisinyai nao, na ufa mpya hujitokeza kando ya ule wa zamani. Basi gogo likauke kwanza.

Kuacha wazi hakuna gharama, ila kunadai patasi iliyonolewa sasa hivi, mikato myembamba na ngao usoni. Ufa uliotoka ukingoni hadi kitakoni usiujaribu kabisa, kipande kitaruka.

Mimi ufa mfupi wa ukingoni huuacha, nikalainisha kingo zake kwa msasa uliokunjwa. Bakuli la pambo halitiwi maji, ufa huo unamdhuru nani? Fundo lililolegea ni kesi nyingine: hilo gundi kwanza, ubishi baadaye.