Valvu za ekzosi zenye Stellite: bei inauma, lakini sirudi nyuma

Jahazi letu hubeba mizigo baina ya Wete na Tanga, mashine dizeli ya silinda 3. Valvu za ekzosi, zile zinazofungua na kufunga njia ya moshi, nilizokuwa nazo kabla ya hizi za Stellite nilizinunua rahisi. Muuzaji alizipiga tupa mbele yangu, tupa ikateleza. "Sheikh wangu, chuma hichi hakiliki." Kweli hakiliki, kikiwa baridi.

Baada ya safari chache za vitunguu silinda ya kati ikakosa kompresheni. Tapeti, yaani mwanya juu ya shina la valvu, nilikuwa nimeiseti milimita 0.30, sasa hata filagegi (bamba jembamba la kupimia mwanya) ya 0.10 haipiti. Valvu imejichimbia kwenye siti yake, pale inapokalia ikifunga, shina likapanda na kuula mwanya. Tulipofungua hedi, kifuniko cha juu ya silinda, ukingo wa valvu umelika mfano wa embe lililoguguniwa na popo.

Mashine ikivuta mzigo, kichwa cha valvu ya ekzosi hupita nyuzi 600. Chuma kilichopata ugumu kwa kuzimwa majini hulegea kwa moto huo. Stellite ni kobalti na kromiamu, na sehemu kubwa ya ugumu wake hubaki hata ikiwa nyekundu. Mmarekani Elwood Haynes aliipatia hataza mwaka 1907, na mie nimekuja kuijua kwa hasara.

Safari hii sikutaka tupa. Fundi alikuwa na valvu ya Stellite iliyopinda shina, ya kutupwa. Tukaitia kwenye mkaa wa vifuu pamoja na moja ya zile zangu, feni ikipuliza, mpaka zote mbili zikawa nyekundu. Akazigonga ukingoni kwa panchi, nyundo moja moja. Yangu ilibonyea kama halua. Ile nyengine ilipata kidoa tu. Maabara wana njia yao, pini hubanwa kwenye sahani inayozunguka ndani ya tanuri, kisha hupimwa uzito uliopotea. Mie kidoa kile kilinitosha.

Nimezifunga, zimeshatembea saa 700. Tapeti ilikuwa 0.30, juzi nimeipima, 0.27.

Ubaya upo. Bei ni mara tatu ya zile za mwanzo. Kuzisaga zikae sawa kwenye siti ni kazi ya kutwa, pesti ya kusagia inakwisha na mkono unakufa ganzi. Halafu ukiiacha siti ya zamani ya chuma laini, siti ndiyo italika badala ya valvu. Mwambie fundi atie ringi ngumu ya siti siku hiyohiyo, hedi ikiwa bado iko juu ya meza.