Kachumbari ya friji Mtwara, msimu wa nyanya ukiwa umepamba moto

Jamani, kiangazi chote hiki, sokoni zimejaa, halafu mtu wa Mtwara unaletewa nyanya ya friji? Nina hasira tangu juzi na bado hazijashuka.

Mgahawa siutaji. Uko upande wa baharini, upepo mzuri, muziki umezidi kidogo. Kibao chao kimeandikwa kwa chaki: changu wa kuchoma, ugali wa muhogo, kachumbari ya nyanya za kienyeji. Hicho cha mwisho ndicho kilichonikalisha. Changu hata kwangu nachoma.

Kwa msiozijua nyanya za kienyeji: ni ndogo, zimejikunja huko juu kwenye kikonyo, nyingine zina mipasuko, na ngozi yake nyembamba mno. Zipakie kwenye tenga uzipeleke mbali, utashusha mchuzi. Watu wa Dar mnakula za Ilula, kule Iringa, ngumu, zinavumilia lori, wala sizisemi vibaya, maana hata sisi masika zinatusitiri. Lakini mvua zikishakatika watu wanashuka mabondeni kulima bustani, na baada ya muda kina mama wanazipanga mafungu kwenye viroba, harufu inakufikia kabla hujainama kuchagua. Unakata, unatia chumvi, kitunguu, pilipili, unakamulia ndimu, unaacha kidogo. Chumvi inazitoa maji. Hayo maji ndiyo kachumbari yenyewe! Tonge la muhogo linachovywa humo kwanza, samaki baadaye. Kwetu hata ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, ambayo wengine wanaila kwa chumvi na pilipili basi, tunaitilia nyanya pembeni. Shangazi zangu wa Newala wanasema huo ni ushamba. Sawa, waseme.

Sahani ikaja. Vipande vya nyanya vyeupe katikati, baridi ya kuuma meno, vikavu, na juu yake wamechora mstari wa tomato sosi. Tomato sosi! Juu ya kachumbari!

Nikamwita binti aliyenihudumia, kwa upole kabisa. "Mwanangu, hizi ndizo za kienyeji?"

Akaitazama sahani, akaitazama simu yake. "Nyanya si nyanya tu, mama?" Akaenda zake.

Si kwamba alikosea oda, hilo humtokea kila mtu. Ni ile "tu". Nikaomba msimamizi. Akaja anatabasamu, akanieleza kwamba wananunua tenga zima la zile ngumu wanaweka kwenye friji, kwa sababu "hizo ndogo mama zinaoza haraka." Ndiyo, zinaoza! Ndiyo maana zinanunuliwa asubuhi zikaliwa mchana. Na hata hizo ngumu wanaziua wenyewe, maana nyanya ikilazwa siku kadhaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 12 hivi, harufu yake inakufa. Ukiitoa unabaki na rangi na uchachu. Ningewaelewa kama ingekuwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, tukawa tunanunua chochote tulichokikuta. Sasa hivi kisingizio ni kipi? Bodaboda kutoka hapo hadi sokoni haimalizi hata wimbo mmoja.

Nyota moja. Ningeweza kutotoa, nisingetoa.

Ila yule changu, jamani. Sitamnyima haki yake mpishi. Ngozi imekauka inalia kwenye meno, ndani maji maji, chumvi imeingia mpaka kwenye mfupa, na mkaa wake haukuwa na moshi wa kukera. Ugali nao umesongwa na mtu anayejua muhogo, hauna madonge, haunati kwenye vidole. Nilikula nikiwa nimenuna, lakini nilimaliza, nikamung'unya na kichwa. Basi nyota tatu. Hapana, mbili, maana kila nikiikumbuka ile "tu" inanipanda tena.

Mkienda, agizeni samaki na ugali, kachumbari mwambieni waache. Mimi waliniandikia elfu mbili ya kachumbari kwenye bili, na nikalipa. Jumamosi naenda tena, na fungu langu la nyanya kwenye kiroba na ndimu zangu. Nitamwomba yule yule binti aniletee kisu na bakuli tupu, tuone hilo bakuli wataliandika bei gani.