A Feast for Crows: kitabu cha nne na namna ya kukisoma bila kukitupa

Wasomaji wengi wa A Song of Ice and Fire, mfululizo wa riwaya wa George R. R. Martin, hukwama hapa. Kitabu cha tatu, A Storm of Swords, kilitoka mwaka 2000 kikiwa kimejaa vifo na harusi mbaya. Cha nne kikachelewa hadi 2005, na kilipofika, Daenerys na Tyrion, vipenzi vya wasomaji, hawamo kabisa, na mwenzao Jon Snow anachungulia tu katika sura ya kwanza ya rafiki yake Samwell. Lawama zilianzia hapo na hazijaisha. Baadhi zina msingi, nyingi zinatokana na kukisoma kwa pupa. (Kama hujamaliza kitabu cha tatu, ishia hapa, yanayofuata yanakigusa.)

Mwandishi alikusudia kuiruka miaka mitano ili watoto wakue. Hadithi ikakataa, akalazimika kuandika upya, na kazi ikawa ndefu kuliko jalada moja. Badala ya kusimulia nusu ya matukio ya watu wote, alisimulia matukio yote ya nusu ya watu. Wa King's Landing (mji mkuu), nchi ya mito, Iron Islands (visiwa vya maharamia), Dorne (kusini kabisa) na Braavos (mji wa ng'ambo ya bahari) wamo humu. Wa Kaskazini na wengine wa ng'ambo ya bahari waliwekwa katika kitabu cha tano, A Dance with Dragons, kilichotoka 2011. Anayaeleza haya mwenyewe katika dokezo la mwisho. Anza na dokezo hilo, litakupunguzia hasira ya kumngoja mtu ambaye haji.

Ukitaka kujua kama kitabu kitakufaa, angalia mgawo wa sura. Baada ya utangulizi ziko 45: Cersei 10, Brienne 8, Jaime 7, Samwell 5, Arya na Sansa tatu tatu, na tisa zilizobaki wanagawana watu sita wa Iron Islands na Dorne. Maana yake zaidi ya nusu ya kitabu iko mikononi mwa watu watatu. Asiyewapenda hao hatafika mwisho.

Na Cersei, malkia mama anayetawala King's Landing, ndiye sababu kubwa ya kukinunua. Hapa ndipo tunaingia kichwani mwake kwa mara ya kwanza, na Martin hamtetei wala hamfanyi kichekesho. Kila uamuzi wake una mantiki ukiwa ndani ya kichwa chake, na kila mmoja unamchimbia kaburi. Fuatilia fedha, maana fedha ndizo zinazoendesha njama yote. Anasitisha malipo ya deni la Iron Bank ya Braavos ili ajenge meli za kivita, kisha meli zenyewe anamkabidhi kijana ambaye sifa yake kubwa ni kumkumbusha Rhaegar, mwanamfalme marehemu aliyempenda akiwa msichana. Kwa viongozi wa dini taji linadaiwa dhahabu zaidi ya laki tisa. Kuhani mkuu mpya anakubali kulisamehe deni, naye Cersei anaruhusu dini iwe tena na askari wake. Anatoka kwenye kikao hicho akijipongeza. Msomaji makini anaifunga sura akiwa ameshajua nani ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Brienne, mwanamke mpiganaji, ndiye anayewachosha watu, na hapa walalamikaji wana haki kiasi. Anamtafuta Sansa, binti aliyetoroka King's Landing, nasi tunajua Sansa hayuko huko anakotafutwa, kwa hiyo hamu ya kujua kama atampata haipo. Sura zake mbili tatu za mwanzo zinajirudia: njia, nyumba ya wageni, swali lilelile kuhusu msichana wa miaka 13, jibu lilelile. Zingepunguzwa theluthi bila hasara. Lakini usiziruke, kwa sababu sura yake ya tano ina maelezo ya Meribald, kasisi mzee apitaye vijijini bila viatu, juu ya askari waliotoroka vita na kugeuka wanyang'anyi. Anaanza taratibu: kijana anaondoka nyumbani na ndugu zake, wakiwa na silaha za kuungaunga, wanaimba njiani. Viatu vinachakaa, kuhara kunaanza, mmoja anakufa, kisha mwingine, hadi siku anapovunjika na kukimbia. Meribald anapoulizwa kuhusu vita alivyokwenda yeye mwenyewe akiwa mtoto, vilivyopewa jina la wafalme na senti, anajibu kwamba hakuona mfalme wala hakupata senti. Kurasa kama mbili tu, na kitabu kizima kimeelezwa: vita vya wakubwa vimekwisha, sasa tunaona vilichoacha nyuma.

Iron Islands zinaanza vibaya. Majina ni mengi, sura zina vichwa kama «The Prophet» badala ya jina la mtu, na Aeron ni mhubiri mchoshi. Mkutano wa kumchagua mfalme unalipa gharama hiyo. Dorne ni kinyume chake: inaanza kwa kishindo, inasinzia, kisha inafungwa kwa mazungumzo ya baba na binti ambayo ni kati ya mazuri kabisa humu.

Sasa suala la mpangilio. Wako wanaoshauri kuchanganya kitabu cha nne na cha tano, sura huku na sura kule, ili matukio yafuatane kwa wakati. Kwa anayerudia, ni mazoezi matamu. Kwa anayesoma mara ya kwanza ni ushauri mbaya. Mfano mmoja: humu Samwell yuko melini na mama kijana, Gilly, ambaye halali kwa kulia. Samwell anadhani ni hofu ya bahari, na ukweli unapojitokeza unauma. Sura ya pili ya Jon katika kitabu cha tano inaeleza chanzo cha kilio hicho waziwazi. Ukiitanguliza, fumbo limekufa. Siri ya Dorne nayo huharibika vivyo hivyo ukikutana mapema na Quentyn, mwana wa mtawala wa Dorne.

Kama ni muda mrefu tangu usome cha tatu, si lazima ukirudie chote. Rudia sura ya mwisho ya Tyrion, ya Jaime, ya Sansa na ya Arya, pamoja na hitimisho la kitabu. Hitimisho hilo usiliache: bila hilo, mwisho wa safari ya Brienne hautaeleweka. Na usitegemee Game of Thrones, tamthilia ya HBO, kukukumbusha, kwani msimu wa tano ulibadilisha mengi na watu kama Arianne wa Dorne na Victarion wa Iron Islands hawakuwekwa kabisa.

Kwa wanaosikiliza: toleo la kwanza la sauti lilisomwa na John Lee, si Roy Dotrice aliyesoma vitabu vya awali, ingawa Dotrice alikisoma baadaye. Angalia jina la msomaji kabla ya kulipa. Kwa wa karatasi, cha nne huja kamili katika jalada moja, lakini cha tano cha jalada laini la Uingereza kimekatwa viwili. Utakapomaliza hiki, unachotakiwa kuchukua ni Dreams and Dust. After the Feast ni nusu ya pili.