Darubini Moja kwa Watu Wawili: Tulivyoijaribu Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa

Ndugu watazamaji, habari za wakati huu, na karibuni tena katika uchambuzi wetu wa vifaa vya safari. Bidhaa iliyo mezani leo ni darubini ya mkononi yenye namba 8×32. Mimi na mume wangu tulisafiri nayo kutoka Mtwara Mjini hadi Ruangwa, mkoani Lindi, kwenda kutazama mchezo wa ligi wa Namungo katika Uwanja wa Majaliwa. Jina la kampuni sitalitilia mkazo, kwa kuwa darubini zenye namba hizi hutengenezwa na kampuni nyingi, na mkifika dukani namba zitawaongoza vizuri zaidi kuliko chapa. Ninachotaka kukijibu ni kama kifaa hiki kina kazi ya kweli jukwaani, na kama mke na mume waliokwenda pamoja wanahitaji moja au mbili.

Tuanze na namba zenyewe. Nane ni kiwango cha kukuza: mchezaji aliye umbali wa mita 80 mnamwona kana kwamba yuko mita 10 mbele yenu. Thelathini na mbili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, na ndiyo inayoamua mwanga kiasi gani unaingia. Mkigawa 32 kwa 8 mnapata 4, yaani duara la mwanga la milimita 4 linalofika kwenye jicho. Saa kumi jioni, mpira unapoanza na jua bado ni kali, duara hilo linazidi mahitaji, kwa sababu mboni ya jicho imejibana. Manufaa yake yanaonekana dakika za mwisho, mwanga unapofifia na mboni kupanuka. Darubini ndogo ya mfukoni ya 12×25 hutoa duara la milimita 2 tu na kidogo, na kufikia muda huo picha yake huwa imeanza kuwa nyeusi.

Wauzaji wengi watawashawishi mchukue 20×50 kwa hoja kwamba inavuta zaidi. Ni kweli inavuta, lakini kwa mpira wa miguu kuvuta huko ni hasara. Nyingi za aina hiyo zimeandikwa mgongoni 56m/1000m, maana yake katika umbali wa mita 1,000 mnaona eneo lenye upana wa mita 56, na katika umbali wa mita 100 mnaona mita 5.6 peke yake. Goli lina upana wa mita 7.32. Kwa hiyo mkiwa upande wa pili wa uwanja hamwezi hata kuona milingoti yote miwili kwa mara moja. Hii ya kwetu inaonyesha takribani mita 13 katika umbali huohuo, hivyo goli zima linaingia pamoja na kipa wake, na nafasi inabaki kila upande. Isitoshe, kifaa kinachokuza mara ishirini hukuza pia mtetemo wa mikono mara ishirini, na jukwaani hakuna mahali pa kusimamisha kiegemeo cha miguu mitatu cha kuitulizia.

Safari yetu ilipita Mnazi Mmoja, pale barabara ya Masasi inapoachana na ile ya Lindi, kisha Mtama hadi Nanganga, ambako tulikata kuelekea Ruangwa. Darubini ina uzito wa takribani nusu kilo, na ilikaa ndani ya mkoba wa mkononi pamoja na maji na kanga bila kutuchosha. Kwa wasioifahamu timu yenyewe, Namungo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, na katika msimu wake wa kwanza ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, ambako ilifungwa na Simba mabao 2–1 mjini Sumbawanga. Msimu uliofuata ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika hadi hatua ya makundi. Kwa klabu inayotoka wilaya ya ndani kama Ruangwa, hilo ni jambo kubwa sana, na sisi watu wa Kusini tunalisema kwa fahari.

Sasa tuje uwanjani. Mpira ukiwa unatembea, weka darubini chini. Nalisema hili kwa msisitizo, kwa sababu ndilo linalowakatisha tamaa wengi walionunua kifaa hiki kwa ajili ya soka. Winga akipiga krosi, mpira unatoka nje ya picha yako kabla hujausogeza mkono, na ukihangaika kuutafuta unaweza kusikia jukwaa zima limeinuka ilhali wewe unatazama nyasi. Darubini ni kifaa cha mpira uliosimama: kona, faulo iliyo karibu na eneo la hatari, penalti, mabadiliko ya wachezaji na majeraha.

Na katika nafasi hizo inalipa fedha yake yote. Kipindi cha kwanza ilitokea faulo upande wa mbali na tulipokaa. Kwa macho matupu tuliona ukuta wa wachezaji na jezi zilizobanana. Kwa darubini nilimwona kipa ameegemea mlingoti wa kushoto, anaupanga ukuta kwa kidole, hatua moja kulia, nusu hatua nyuma, kisha akaifuta glovu ya mkono mmoja kwenye bukta na kurudi katikati ya goli. Nilimwona pia beki mmoja akimshika mshambuliaji jezi kwa nyuma, kitambaa kikivutika, huku uso wake ukitazama mpira kwa utulivu mkubwa. Kamera ya simu haiwezi kuwapa haya, kwa sababu simu nyingi zikivutwa mara nane huwa zinaipanua picha ileile tu, na mnabaki na madoa ya rangi yasiyo na sura.

Hapo ndipo jibu la swali la moja au mbili linapopatikana. Mmoja anaposhika darubini, mwenzake anabaki na macho yaliyoona uwanja wote, na ndiye anayemwambia kinachokuja. Mume wangu alikuwa akisema, "Mama, tazama kibendera," nami nageuka na kumkuta mwamuzi msaidizi ameinua bendera huku akimwelekeza mwenzake mahali kosa la kuotea lilipotokea. Kisha nampa yeye, nami nakuwa macho yake. Kwa darubini mbili, kila mmoja angejifungia katika kiduara chake, na starehe ya kutazama pamoja ingepotea.

Kuna sharti, nalo ni kwamba darubini lazima ikubali kubadilishwa haraka, kwa sababu macho ya watu wawili hayafanani. Mume wangu anavaa miwani, mimi sivai. Vikombe vya mpira vinavyozunguka vioo vya macho katika darubini hii vinapanda na kushuka kwa kuzungushwa: mwenye miwani anavishusha, asiye na miwani anavipandisha. Pete iliyo kwenye jicho la kulia hurekebisha tofauti kati ya jicho moja na jingine, na pete hii ina alama ndogo za kuhesabu, hivyo kila mmoja wetu alikariri alama yake kabla ya mchezo kuanza. Kasoro niliyoiona ni kwamba pete hiyo ni nyepesi mno na huhama yenyewe ikisuguana na mkanda wa shingoni, na ilitulazimu kuitazama upya mara kwa mara. Ningependa mtengenezaji angeweka kifungio.

Onyo moja halina mjadala. Mechi za saa kumi hukuta jua likishuka magharibi, na mpira wa juu unaweza kuwavuta kuinua darubini kuelekea huko. Msithubutu. Lenzi hukusanya mwanga wa jua na kuunguza sehemu ya ndani ya jicho, na madhara yake ni ya kudumu. Mtoto asiachiwe kifaa hiki bila mtu mzima kando yake.

Mkirudi nyumbani, hasa tunaoishi karibu na bahari, msiifungie kabatini ndani ya mfuko wake ikiwa na unyevu. Hewa ya pwani huotesha kuvu juu ya lenzi, na kuvu wakishika kioo, kuwaondoa ni kazi ya fundi. Iwekeni kwenye kopo linalobana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vumbi lipulizeni au lipanguseni kwa brashi laini kwanza. Mkisugua kwa kitambaa moja kwa moja, mchanga utachora lenzi.

Mtakapokuwa dukani, ombeni mtoke nayo nje kabla ya kulipa. Elekezeni kwenye mnara wa simu ulio mbali: mkiuona umegawanyika kuwa miwili, au macho yakiuma kwa kulazimisha uwe mmoja, mirija yake miwili haiko sambamba na haitarekebishika nyumbani. Kisha ishikeni umbali wa mkono, muielekeze kwenye ukuta wenye mwanga na kuangalia viduara viwili vya mwanga kwenye vioo vya macho. Vinapaswa kuwa mviringo kamili. Vikiwa na kingo zilizokatwa hadi kukaribia umbo la mraba, au lenzi za mbele ziking'aa rangi nyekundu ya moto, mwombeni muuzaji awatolee nyingine.