TAHADHARI: Anayeuza "mepo ya Kanada" ya fretibodi kwa mizigo ya basi Tanga, usimtumie hela

Ndugu zangu mnaojitengenezea magita ya umeme hapa Tanga mjini, Muheza, Pangani na Korogwe: kuna muuzaji mtandaoni anayetangaza vibao vya fretibodi, yaani ule ubao mwembamba unaobandikwa juu ya shingo ya gita na kupigiliwa freti, vile vyuma vyembamba vinavyoukatiza. Anasema ni "mepo ngumu ya Kanada, imekaushwa kwa tanuri", yaani mbao ya mti wa maple, na bei yake ni shilingi 90,000 kwa kibao kimoja. Usimtumie hata shilingi. Vibao vyake vitatu vimepita mikononi mwangu, vyote vya wateja walioniletea niwapigie freti au niwarekebishie, na hakuna hata kimoja kilicho mepo.

Jina lake siliweki hapa kwa sababu shauri liko polisi. Halafu hata ningeliweka lisingewasaidia, maana jina alilompa kijana wa Makorora silo alilompa mteja wa Muheza, na namba za simu nazo ni tofauti. Mjueni kwa mtindo wake. Ukurasa wake una picha safi sana za shingo za magita, na ukizitazama utagundua zimepigwa kwenye karakana tofauti tofauti za mafundi wa nje. Ukimwomba picha ya kibao chenyewe utakachotumiwa, stoo imefungwa, au kijana wa stoo kaenda msibani. Ukisitasita, anakuharakisha: "Mkuu, vimebaki viwili, na kimoja kuna mtu wa Arusha keshakiulizia." Anataka hela yote kwanza. Kisha mzigo unakuja kweli, unaupokea stendi ya Kange ukiwa umezungushiwa selotepu kila upande. Hapo ndipo ujanja wake ulipo. Angekula hela akazima simu, watu wangepiga kelele mapema. Kwa vile kitu kimefika, mtu anaona kapata mepo, anakibandika, na kasoro inajitokeza baadaye wakati gita limeshapakwa rangi na kufungwa nyuzi. Wengine huishia kudhani ni wao waliokosea kazi.

Niwaeleze nilichokiona kwenye kibao cha kijana wa Makorora. Kilikuwa na rangi nzuri ya asali, na mawimbi yamekikata kwa upana kama mepo za bei kubwa. Rangi yenyewe ndiyo iliyonitia shaka. Mepo isiyopakwa kitu ni nyeupe ya krimu, wakati mwingine na wekundu kwa mbali. Ile njano ya asali tunayoipenda kwenye magita ya zamani ni ya vanishi, ama imezeeka, ama ilitiwa rangi kiwandani. Kwa hiyo mbao inayouzwa kama haijapakwa kitu na huku ina njano ya asali tayari, huenda imepakwa. Nikapitisha kitambaa chenye tina, ile dawa ya kuyeyusha rangi, mara moja tu, kikatoka cha kahawia. Mawimbi nayo yakaondoka. Mawimbi ya mepo halisi yamo ndani ya nyuzi za mbao: ukikiinamisha kibao kwenye mwanga, sehemu iliyong'aa inafifia na iliyofifia inang'aa. Haya yalitulia pale pale kila nilipokigeuza, kwa sababu yalikuwa ya brashi.

Chini ya rangi ikajitokeza mbao hafifu yenye mistari mifupi mifupi iliyozama, kana kwamba mtu kaichora kwa ncha ya sindano. Hivyo ni vitundu vya mbao vilivyokatwa kwa urefu. Nikachukua wembe mpya, nikaparua ncha ya kibao mahali nyuzi zinapokatika, nikailowesha mate, na vitundu vikaonekana kwa macho bila lenzi. Kwenye mepo hutaviona hivyo. Vitundu vyake ni vidogo mno na vimesambaa sawasawa, unahitaji lenzi ya kukuza mara 10 kuviona vizuri. Pembeni kulikuwa na doa la buluu-kijivu la ukungu na vishimo viwili vya fukusi vilivyozibwa kwa unga wa mbao na gundi. Kwa dalili zote hizo nasema ni mbao ya mti wa mpira. Sisi wa Tanga mti huu tunaufahamu, Kihuhwi kule Muheza kuna shamba lake, ingawa sisemi hata kidogo kwamba mbao hizi zimetoka huko.

Nisieleweke vibaya. Mbao ya mpira ina kazi zake, inatengeneza samani nzuri, na ikikaushwa ipasavyo hata shingo ya gita la kujifunzia itakubali. Ninachopinga ni kumuuzia mtu kitu kwa jina na bei ya kitu kingine, tena kikiwa kibichi.

Maana sifa ya mepo haikuja bure. Ile ngumu, ambayo jina lake la kitaalamu ni Acer saccharum, inaota Kanada na mashariki ya Marekani. Fender, kampuni ya magita ya Marekani, walipoanza kutoa magita yao ya umeme mwaka 1950 walitengeneza shingo na fretibodi kwa kipande kimoja cha mepo, na walikaa hivyo hadi mwisho wa muongo ule ndipo wakaanza kubandika mbao nyingine, rozwudi, juu yake. Mbao hii ni ngumu na ina nyuzi zilizoshikana, kwa hiyo jino la freti, ule ukingo wake wa chini, likiingia kwenye mfereji uliokatwa ubaoni linang'ata na kubaki. Kwenye mbao laini jino linajitanulia nafasi, freti inanyanyuka kidogo kidogo, na uzi unaanza kukwaruza. Na kuna mepo laini pia, Acer rubrum. Hiyo ni mepo kweli lakini kwenye kipimo cha ugumu wa mbao cha Janka ina kama 950 wakati ngumu ina 1,450. Anayeuza ajue anauza ipi.

Gita la mteja wa Muheza ndilo lililoniuma zaidi. Alishabandika kibao kwenye shingo kavu ya mninga, akapiga freti, akamaliza. Kibao kikaendelea kukauka kikiwa juu ya gita, kikapungua upana. Ncha za freti zikatokeza pande zote mbili, zinamchana vidole kila anaposhusha mkono, na gundi imeachia ukingoni kuanzia freti ya 5 hadi ya 9. Kukibandua kibao bila kuiharibu shingo ni kazi ya moto na kisu chembamba, na subira nyingi.

Kwa hiyo kabla ya kumlipa muuzaji yeyote wa fretibodi, mwambie akiweke kibao kwenye mizani ya namba mbele ya kamera. Kibao cha sentimita 50 kwa 7, unene milimita 9, kikiwa mepo ngumu iliyokauka kitasoma karibu gramu 220. Mpira mkavu utakuwa chini ya 200, na paini karibu 150. Lakini mbao mbichi inaidanganya mizani kwa maji yake, na ndivyo kilivyofanya kibao cha Makorora: kilipofika kilisoma 224! Kwa hiyo kipime tena baada ya kukiweka ndani mahali pakavu wiki mbili. Mafundi wa magita wanataka unyevu wa asilimia 6 hadi 8, na hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi kuliko hapo, kwa hiyo kibao kilichotoka kwenye tanuri kweli kikifika Tanga kitaongezeka uzito kidogo. Kikipungua, kilikuwa kibichi. Cha Makorora kilishuka hadi 191.

Mwambie pia akuonyeshe kwa video akikiinamisha kibao kwenye jua, na ncha iliyoparuliwa kwa wembe. Muuzaji wa haki hachukui dakika tano kufanya hayo. Huyu wetu, kijana alipomwomba, alimjibu, "Kaka, kama huniamini acha," halafu akamfungia asiweze kumpata tena.

Anauza pia vilivyokwishakatwa mifereji ya freti. Hivyo ndivyo vibaya kuliko vyote. Kwa gita la urefu wa uzi wa milimita 648, mfereji wa 12 lazima uwe milimita 324 kutoka kwenye nati, kile kipande kinachoshika nyuzi mwanzo wa shingo, na wa 7 milimita 215.5. Kibao cha tatu nilichopima, wa 12 uko 321. Gita la namna hiyo litakuwa linapotea sauti kila ukipanda juu, hata ulitune vipi. Mifereji yenyewe imekatwa kwa msumeno wa chuma, mipana, wakati freti nyingi zinataka kama milimita 0.6 tu. Freti inaingia kwa kidole na kutoka kwa kidole.

Nimesikia wiki hii kaanza kutangaza na mpingo. Mpingo ni fretibodi nzuri mno, haihitaji hata vanishi, ila ni mbao nzito inayozama majini, kwa hiyo omba kipande cha pembeni ukidumbukize kwenye ndoo. Na muulize risiti na hati ya kusafirishia ya TFS, wakala wa misitu. Ukikutwa na mpingo usio na karatasi, tatizo ni lako.

Mji huu umelea bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na taarabu ya Black Star na Lucky Star iliyoliingiza gita la umeme mpaka ukumbini kwa waungwana. Leo vijana wanajitengenezea wenyewe kwa hela ya kuungaunga. Ndiyo maana nimeandika kwa urefu.

Kama umeshamlipa na mzigo haujafika, piga simu kwa mtandao wako sasa hivi uombe muamala uzuiwe. Namba aliyotumia itume 15040, ndiyo ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli. Usifute meseji, tunza na risiti ya mzigo wa basi, nenda polisi ukachukue RB, namba ya taarifa yako. Tukiwa wengi kwenye shauri hili litakwenda. Kama kibao umeshakipokea, usikikate, usikipige randa, usikibandike, kwa sababu kikiwa kizima ndicho ushahidi. Walioko Tanga mjini waniletee nikipime bure, mizani na lenzi ninavyo.