TAHADHARI: Muuza miwani anayezunguka Lamu

Wana-Lamu wenzangu, hasa wenye wazee nyumbani na nyinyi washonaji wa kofia. Kuna kijana anavuka na boti kutoka Mokowe, anapita Langoni mpaka Mkunguni na mkoba wa miwani. Anaziita "za Ujerumani", shilingi 1,500, na anaapa kuwa miwani hiyo hiyo inaonyesha karibu, inaonyesha mbali na inayeyusha mtoto wa jicho. Ami yangu kanunua. Stika inasema +2.00, yaani nguvu ya lenzi.

Nimeipima, na kupima hakuna gharama. Panda juu penye dirisha la kutazama mbali, simama karibu na ukuta unaolikabili, shika miwani mbele ya ukuta uisogeze taratibu hadi picha ya nje itue pale wazi, juu chini. Pima kwa futi kamba kutoka kioo hadi ukutani. +1 ni mita moja, +2 sentimita 50, +3 kama 33, +4 ni 25. Ya ami ilitua mita moja na robo! Hata +1 haifiki. Na kama hakuna picha kabisa, hicho ni kioo cha dirisha tu, au ni miwani ya kutoa (-), ya wasioona mbali.

Miwani ya kusomea ni lenzi mbinuko, nene katikati, inakusanya mwanga. Inamfaa aliyekaribia au kupita miaka 40 ambaye uzi na sindano vimeanza kumpotea. Asiyeona mbali anataka lenzi mbonyeo, nyembamba katikati, ndiyo hiyo ya kutoa. Ukimvika mbinuko unamzidishia ukungu. Mtoto wa jicho ni lenzi ya ndani ya jicho lenyewe iliyofifia, na hiyo huondolewa kwa upasuaji. Miwani haiyeyushi chochote.

Tazameni pia umbo. Lenzi ya miwani huwa imebinuka nje na kubonyea upande wa jicho, ili ukitazama pembeni herufi zisipinde. Moja katika mkoba wake ilikuwa bapa upande mmoja, aina inayotumika ndani ya tochi na projekta. Kioo chake cha kukuzia chenye mpini, kilichobinuka pande zote mbili, ni kizuri, sitamdhulumu. Ila msikiache juani karibu na makuti.

Risiti hatoi, na simu aliyomwachia ami haipatikani. Waliomwona Shela au Matondoni waandike hapa chini aliuza bei gani.