Koti la mvua la mitumba: nimelijaribu kwenye ukungu wa Vuria

Nianze na hukumu ili wenye haraka wapate lao. Kwa upepo, koti hili nalipa alama zote. Kwa mvua ya kweli nalipa nusu, na kwa jasho halinisaidii kitu. Shilingi 900 nilizotoa sizijutii, ila kuna mambo muuzaji hatakwambia, na sisi wa pwani yanatuhusu kuliko watu wa bara.

Ni koti jepesi la nailoni, rangi ya chungwa iliyokolea, lina kofia yake, mifuko miwili ya zipu, na ndani lina ule utando mweupe wa kuzuia maji. Hapa Malindi makoti ya aina hii hayana wateja. Wavuvi wanataka yale mazito ya mpira, na wana haki yao, kwa kuwa wimbi likikupiga usoni hutaki mchezo wa vitambaa vyepesi. Lakini jaribu kupanda mlima na koti la mpira uone utakavyochemka. Sokoni nilikuta matatu yamelaliwa na rundo la jinzi. "Chukua mamangu, hili la Ulaya," muuzaji akaniambia, "hata ukiogelea nalo huingii maji." Mimi nikayageuza nje ndani, moja moja.

Huko ndani ndiko koti la mvua linakofia. Mengi yamepakwa poliyurethani, aina ya plastiki, upande wa ndani, na kitu hicho adui wake ni joto likiandamana na unyevunyevu: mvuke ulio hewani unaivunja polepole hata kama koti halijavaliwa. Basi piga hesabu ya kabati la Malindi mwezi wa tatu. La kwanza lilinata mkononi. La pili lilikuwa linamwaga magamba meupe, na harufu yake ilikuwa ya matapishi, ambayo si uchafu wa aliyelivaa, ni ule mpako wenyewe umeoza. Ukikutana na harufu hiyo rudisha koti, usidanganywe kwamba litatoka kwa sabuni. La tatu lilikuwa zima. Tepe zinazofunika mishono zilikuwa zimeshika, isipokuwa kwapa la kushoto ambako ncha ilikuwa imeinuka kidogo. Hiyo ncha ilipunguza bei kutoka 1,200.

Nikalimwagia maji ya chupa pale pale. Kifuani matone yaliviringika yakaanguka. Mabegani yalizama kitambaani, bila shaka ndipo mikanda ya begi la mwenye nalo wa kwanza ilipokuwa ikisugua. Nyumbani nikalifua kwa sabuni ya kawaida bila dawa ya kulainisha nguo, likakauka, kisha nikalipiga pasi ya umeme kwa moto mdogo sana huku nimeweka kitambaa juu yake. Joto huurudishia mpako wa nje nguvu yake ya kufukuza maji. Kifua na mikono vilipona vizuri. Mabega hayakupona.

Sasa mlima. Nilichagua Vuria, kilele kirefu kuliko vyote vya vilima vya Taita, mita 2,208. Kutoka hapa ni matatu hadi Mombasa, treni hadi Voi, matatu tena kupitia Mwatate hadi Wundanyi, na hiyo safari haina la kusimulia zaidi ya mgongo kuuma. Nilienda wakati wa kusi makusudi. Upepo ule ule unaowaweka wavuvi wetu barazani ndio unaosukuma unyevu wa bahari hadi bara, ukagonga vile vilima, ukalazimika kupanda, ukapoa na kugeuka ukungu. Kama unataka kujua koti lako ni la nini, huo ndio msimu. Na baridi ipo: kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kwa nyuzi 6 hivi, kwa hiyo kati ya ufuo wetu na kilele kile kuna tofauti ya nyuzi 13, upepo hujauhesabu.

Nilimwachia mwenye nyumba niliyolala ujumbe wa njia niendayo na saa ya kurudi, nikaondoka peke yangu asubuhi. Kuna barabara ya magari inayofika hadi kwenye minara ya mawasiliano kileleni, kwa hiyo kupotea kabisa ni kazi. Mimi nilishika vijia vya mashambani kwanza, katikati ya matuta ya sukuma na maharagwe, nikaja kuikamata barabara juu.

Mwendo wa nusu saa tu na shati langu lilikuwa limelowa, na mvua haijanyesha. Hili la jasho watu hulisifu bila kulielewa. Utando wa koti hupitisha mvuke wa mwili pale hewa ya nje inapokuwa kavu kuliko ya ndani. Kwenye ukungu hewa ya nje imeshashiba maji, mvuke unatoka kwa shida, mwingi unarudi kuwa maji mgongoni mwako. Dawa yake haiuzwi dukani: nilivua koti nikapanda na sweta jepesi, koti likakaa begini mpaka mwili ulipotulia. Mama mmoja aliyekuwa akishuka na mzigo wa nyasi, amejifunga karatasi la nailoni mabegani na gambuti miguuni, alinitazama nikilikunja akacheka. "Mwanangu, umebeba koti ulowe?" Nikamwambia, shikamoo mama, nalitunza la juu. "Marahaba. Huko juu utalitaka."

Kweli nililitaka. Kwenye miti kuna jambo ambalo mtu wa Malindi hulijui mpaka likupate: uwanjani hakunyeshi, lakini ukiingia chini ya miti kunanyesha. Majani yanaukamata ukungu, maji yanajikusanya kwenye ncha, yanadondoka matone mazito, na yote yanakufikia mabegani, pale pale koti langu lilipo dhaifu. Kwapa la kushoto pia lilipitisha. Maji mengine yaliingilia mikononi, maana ukishika fimbo mkono umeinuka na maji yanateremka hadi kwenye kiwiko. Kaza ule mkanda wa kunata wa mkononi kabla hujashika fimbo.

Kofia ina tatizo jingine. Juu ya mtandio inakaa vizuri, haivuki macho, lakini inaziba masikio. Kwenye ukungu ambao huoni hatua kumi mbele, masikio ndiyo macho. Pikipiki ya kwanza niliisikia ikiwa karibu mno, nikaruka pembeni. Tangu hapo nilitembea kofia nimeishusha, mtandio ukalowa, heri hivyo.

Kileleni koti lilinilipa. Upepo ulikuwa unapiga minara mpaka inavuma, na ndani ya lile nailoni jembamba sikuusikia kabisa, kifua kikavu, mwili moto. Siku ya wazi watu huiona Kilimanjaro kutoka vilima hivi. Mimi niliona uzio na nguzo ya kwanza. Simu niliyoiweka mfuko wa nje ilipata unyevu, kioo kikakataa vidole, kwa hiyo mfuko ule uwekee njugu, simu iweke ndani kwenye mfuko wa plastiki. Rangi ya chungwa nayo usiidharau: dereva wa lori lililokuwa likipanda aliniwashia taa mbali kabla sijamwona.

Kwa hiyo likufae wewe nani? Ukienda Taita, Shimba au hata Mlima Kenya kwa matembezi ya siku moja, nunua, mradi ndani liwe zima. Ukienda kulala nje kwenye mvua, tafuta jipya. Na ukirudi nalo Malindi usilikunje mfukoni; litundike penye hewa, mbali na jua. Langu linaning'inia nyuma ya mlango, na ncha ya kwapa bado imeinuka. Mwenye kumjua fundi hapa mjini anayeweza kubandika tepe za mishono zikashika kwenye joto letu, anielekeze.